Wimbo wa Kusubirishwa

Soko la mitumba lilikuwa limefurika siku hiyo, watu wanapigana vikumbo, na Msusi katika gauni lake la njano ameinamia boksi la santuri kuukuu. Alichomoa moja, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Dada, usiiguse usoni," sauti ya kiume ilisema.

"Kwani ina haya?"

"Haya haina. Ina mifereji, na mafuta ya vidole yanaiharibu. Shika ukingoni, hivi."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, lakini bisibisi mbili zinachungulia mfukoni. Fundi wa gramafoni huyo, karakana yake mtaa wa nyuma. Msusi alijifanya anasoma jalada, kumbe moyo unamwenda mbio.

"Unapenda muziki wa okestra?"

"Nautafuta mmoja tu. Nikipigia kampuni ya maji wananisubirisha na wimbo wa fidla. Kila ukifika patamu, mhudumu huyo: 'Nikusaidie nini?' Nataka kujua unaishaje!"

"Hebu uimbe."

Akauimba palepale, katikati ya soko, bila kujali macho ya watu. Fundi akatazama pembeni, akasema, "Itabidi tuutafute. Gramafoni unayo?"

"Sina."

"Mimi ninayo."

Ndivyo ulivyoanza mkusanyo wa Msusi. Kila Jumamosi akifunga saluni alipeleka santuri mpya karakanani, wakaisikiliza kwa chai. Piano, tarumbeta, mama mmoja anayeimba kama anagombana na jirani. "Siyo huu," Msusi husema. "Siyo huu, mpenzi," Fundi hujibu, na hilo neno la mwisho ndilo Msusi alilorudi nalo nyumbani.

"Mwanangu," mama yake alimwambia siku moja akiitazama rafu iliyojaa, "santuri zote hizi na gramafoni huna? Unanunua matandiko huna punda!"

Msusi akacheka peke yake. Punda alijua aliko.

Jumamosi moja Fundi alitoka kwenda kununua sukari. Msusi, akipangusa rafu, akakuta santuri ya zamani ina jina la marehemu baba yake Fundi juu ya jalada. Akaiweka, akashusha sindano. Fidla ikaanza. Ndiyo yenyewe! Alifurahi mpaka akapiga makofi, kisha akalisoma tena lile jina jaladani. Akainua sindano.

"Hii ulikuwa nayo siku zote?" alimuuliza Fundi mlangoni.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mimi nahangaika na maboksi, wewe unanicheka! Umenifanya zuzu."

Akachukua mkoba wake, huyo. Simu za Fundi hakupokea. Alimpenda, na ndiyo maana iliuma. Saluni nako wateja walikiona cha moto. "Dada," mmoja alilalamika, "unasuka au unalipiza kisasi?"

Mchana huohuo simu ya saluni ikalia. "Saluni, karibu."

Hakuna aliyejibu. Fidla tu. Msusi alisimama na kitana mkononi. Wimbo ukapanda, ukafika pale patamu, na safari hii hakuna mhudumu aliyeingia. Akaikata simu yeye mwenyewe.

"Nani huyo?" mteja aliuliza.

"Kampuni ya maji." Alikuwa anavua aproni.

"Wee! Na kichwa changu? Umesuka nusu!"

"Subiri kidogo, mama."

Alimkuta Fundi karakanani, bado ameshikilia simu karibu na spika, uso umemshuka. "Umekata."

"Mwisho wake nautaka hapa. Kwa nini ulinificha?"

"Ungeusikia siku ile, Jumamosi ya pili ungekuja kufanya nini? Niliogopa. Nilikosea, mpenzi, nisamehe."

"Si ungeniambia tu unataka nije?"

"Nataka uje usiondoke. Nikuoe?"

"Weka sindano kwanza."

Wakasikiliza bega kwa bega. Fidla ilipanda, ikakawia pale patamu, ikashuka taratibu hadi ikanyamaza. Msusi alifuta machozi kwa kiganja.

"Ndiyo," alisema. "Upande wa pili tutausikiliza jioni. Sasa twende wote ukamwombe radhi mteja wangu, nimemwacha na nusu kichwa."