Benchi Chini ya Dirisha la Nagwan

Mbele ya duka la juisi ya miwa, mtaani Imbaba, watu wakisukumana, Nagwan alimkanyaga vidole mwanamume aliyeinama kupima upana wa kichochoro.

"Bwana mhandisi, unatupimia kaburi?"

"Napima pa kupanda miti, bibie."

"Hapa kwetu? Labda uipande kichwani mwako!"

Alicheka, mtandio wake wa rangi ya komamanga ukimteleza. Bahgat, mpangaji wa mitaa aliyezoea kula chakula cha jioni peke yake mbele ya televisheni iliyozimwa, alitekwa palepale.

Miezi minne walipigiana simu kila adhuhuri. Bahgat alimweleza mpango wake: kichochoro kimoja tu, hatua sitini. Pikipiki zisipite, mfereji wa maji machafu ufunikwe, miti mitano, benchi la wazee. Afya ya mji, alisema, huanzia mlangoni pa mtu.

Kazi ilipoanza, benchi akaliweka chini ya dirisha la kina Nagwan, penye kivuli, kama zawadi. Wanaume wakalijaza tangu asubuhi, na sigara zao. Nagwan akafunga dirisha, nalo ndilo pekee walilokuwa nalo. Ndani, mama yake mwenye pumu akakohoa wiki nzima.

"Uliwauliza nani?" alifoka kwenye simu.

"Watu wa mtaa, roho yangu. Mkahawani wote walikubali."

"Mkahawani! Mimi nashinda mkahawani? Mama anashinda mkahawani?"

Akakata. Siku kumi na moja hakupokea. Adhuhuri ikawa ndefu kuliko usiku.

Siku ya kumi na mbili Bahgat aling'oa benchi kwa mikono yake, wanaume wakimzomea.

"Umeingiwa na wazimu?"

"Nilikuwa nao. Sasa ndio unanitoka."

Akamwomba Sohair, mwanamke mwenzake wa kazini, apande ngazi zote kuwauliza wanawake benchi likae wapi. Wakachagua ukuta wa ghala, usio na dirisha. Benchi likahamia huko.

Simu ikalia.

"Mama amelala bila kukohoa," alisema Nagwan.

"Na wewe, mpenzi?"

"Mimi bado nina hasira. Njoo Alhamisi na watu wako, uniombe kwa baba yangu mdogo."

"Sina watu, Nagwan. Mama alishafariki. Nina mjomba tu, yuko Tanta. Miaka sita hatusemeshani."

"Basi mpigie. Siolewi na mtu asiyejua kuuliza."

Bahgat alikaa kitandani, akaitafuta namba ya mjomba, akapiga. Iliita mara saba.

"Mjomba," alisema, "ni mimi, Bahgat. Tafadhali usikate."