Wazee Hawakufika Shively

Jumamosi mchana uwanja wa barafu wa Louisville ulijaa kelele za watoto. Kanyana, aliyewaleta watoto wa shule ya Jumapili kutoka kitongoji cha Shively, alianguka mara ya nne. Alivaa sketi ndefu ya jinzi, kama mabinti wote wa kwaya yao, na safari hii alianguka miguuni pa kijana mrefu mwenye sweta nyeusi.

"Dada, hapa hatusujudu," kijana alisema, akimpa mkono.

"Bon, niinue kwanza, mahubiri baadaye."

Huyo alikuwa Sebineza, Mnyamulenge wa Kongo kama yeye, aliyefika Columbus akiwa mtoto na sasa akifundisha mchezo wa kuteleza kwenye barafu huko. Alimketisha kwenye benchi akamsimulia. Mwaka 1902 mwanamke mmoja Mwingereza aliingia mashindano ya dunia kwa kuwa hakuna kanuni iliyomkataza. Akawa wa pili kati ya wanaume. Baadaye wakuu wa mchezo wakawafungia wanawake mlango, na sababu mojawapo ilikuwa sketi: ati ilificha miguu, waamuzi wasione.

"Si wangeinama," Kanyana akasema.

Sebineza alicheka hadi machozi, kisha akamtazama.

Tokea hapo simu haikupoa. Kila jioni, akitoka kazini kwenye ghala la Okolona na miguu ikimuwaka, Kanyana alipewa habari nyingine: jinsi zamani washindani walivyochora maduara kwa vyuma vya viatu, waamuzi wakikagua mistari kwenye barafu, mpaka mwaka 1990 michoro hiyo ilipofutwa.

"Na mimi unanikagua lini?"

"Wewe, sheri, nilishakupa alama zote."

Alianza kupanda basi kwenda Columbus kujifunza. Walijiandikisha kucheza wawili pamoja katika mashindano ya watu wazima ya Aprili huko Buffalo, naye akajishonea gauni la bluu lililopita magoti. Wakapatana pia kwamba Jumamosi moja ya Oktoba wazee wa Sebineza wangekuja Shively kumposa kwa baba yake, Rugaba, mzee wa kanisa ambaye figo zilikuwa zimemchosha.

Siku tatu kabla, Kanyana akiwa Columbus, baba yake alipiga simu. Alikuwa ameonyeshwa video ya mazoezi yao.

"Huyo mwanaume anayekushika kiuno ni nani yako?"

Binti wa kwao hamtajii baba yake mchumba. Hiyo ni kazi ya wazee. "Ni mwalimu tu, Papa. Hakuna kitu."

Alipogeuka, Sebineza alikuwa nyuma yake, viatu mkononi. Aliketi kuvivaa. Kanyana akadhani amesikia na ameelewa desturi.

Shangazi Isaro ndiye aliyemweleza Rugaba taratibu kwamba wageni wa Jumamosi ni wa mwalimu huyo. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Siku yenyewe alivaa suti ya kijivu iliyokuwa imeshamzidi mwili, akaketi sebuleni tangu saa nne asubuhi. Sambusa zilipoa. Kanyana alimpigia Sebineza simu, haikupokelewa. Saa kumi na mbili jioni baba yake alisema kwa upole, "Nivueni koti."

Januari walimzika.

Aprili Kanyana alikwenda Buffalo bila gauni la bluu. Alimkuta Sebineza ukumbini na wanafunzi wake, akamwita pembeni.

"Nilisikia kwa masikio yangu," Sebineza alisema. "Ulisema hakuna kitu. Nikawaambia wazee wasiende kuaibika."

"Ulitaka nimwambie nini baba yangu?"

"Jina langu."

Ndipo Kanyana akamweleza habari ya suti, na saa zile zote za kungoja. Sebineza alifunika uso kwa mikono.

"Nimekosa, Kanyana. Nitawatuma hata kesho."

"Waje kuketi na nani?" Sauti yake haikupanda. "Nimekusamehe. Niliomba miezi mitatu nipate kulisema neno hilo, na Mungu amenipa. Lakini ni hilo tu alilonipa."

Alimfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu anayemuaga msafiri. Kisha akatoka yeye, kwenda kungoja basi la Louisville.