Jicho la Kulia la Muema

Muema alikuwa fundi wa kupogoa nyua, na wenyeji wa Woodley, Nairobi, walimjua kwa kazi hiyo. Nyumba za mtaa ule ni za zamani, na nyingi zimezungushiwa kayaba, mti wenye miba mirefu kama sindano. Muema alianza kazi saa moja asubuhi, panga kiunoni na makasi makubwa mkononi. Akimaliza, kayaba ilibaki imenyooka kama ukuta uliojengwa.

Mkewe Kanyiva alifanya kazi River Road, katika duka la uchapishaji. Alikata karatasi na kushona vitabu vya risiti. Binti yao, Carolyne, alikuwa shule ya bweni Machakos. Kwa hiyo jioni walikuwa wawili tu katika nyumba yao ya Kawangware, wakila na kusimuliana mambo ya mchana.

Jumanne moja Kanyiva alimkuta Muema amefika nyumbani kabla yake. Alikuwa amekaa kitandani, kitambaa usoni.

"Kuna nini, Baba Carol?"

"Si ni tawi tu. Nimelivuta, likaponyoka, likanichapa usoni. Limenikwaruza jicho."

Kanyiva alimwondolea kitambaa. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, likitiririka machozi. Alilisafisha kwa maji safi.

"Kesho twende hospitali."

"Kwa sababu ya tawi? Kesho nina kazi kwa Mzee Dedan. Litapoa."

Asubuhi jicho halikuwa limepoa. Lilikuwa limevimba, na Muema hakuweza kutazama mwanga wa dirisha. Hapo Kanyiva akakumbuka dawa yake. Mwaka uliopita vumbi la karatasi lilimwasha macho, na mwenye duka la dawa karibu na kazini akamuuzia chupa ndogo ya matone. Hakumuuliza karatasi ya daktari. Macho yalipona kwa siku mbili, na nusu ya dawa ikabaki. Aliitafuta kabatini, akaipata.

"Angalia juu," alimwambia mumewe. Akamdondoshea matone mawili.

Kufikia jioni wekundu ulikuwa umepungua. Maumivu pia.

"Dawa yako ni kali, Mama Carol," Muema alisema akicheka. Siku iliyofuata alirudi kwenye kayaba.

Kanyiva alifurahi. Akawa anamwekea matone asubuhi, mchana wote wawili wakiwa nyumbani, na jioni. Siku ya tano Muema alisema anaona kama kuna moshi mbele yake. Kanyiva akaongeza matone. Siku ya nane doa jeupe lilitokea kwenye mboni, dogo kama punje ya mtama. Akaongeza tena. Alidhani dawa inapigana na ugonjwa.

Siku ya kumi Muema alikwenda kwa Mzee Dedan kumalizia kazi. Mzee huyo aliwahi kuwa karani wa serikali, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimtazama Muema usoni, akamnyang'anya makasi.

"Hili jicho linaoza, Muema. Nenda hospitali sasa hivi. Kayaba itaningoja."

Kanyiva aliomba ruhusa kazini. Walikutana kwenye kliniki ya macho iliyoko Upper Hill. Aliyewapokea alikuwa muuguzi wa makamo, Sister Peres. Alimulika jicho la Muema kwa taa, akamuuliza lilivyoumia na lini.

"Mmekuwa mkiweka dawa gani?"

Kanyiva alifungua mkoba, akatoa ile chupa. Sister Peres aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Nani aliwaandikia hii?"

"Hakuna aliyeandika. Ilikuwa yangu. Mimi ndiye nimekuwa nikimwekea."

Sister Peres hakumgombeza. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama, nisikilize. Jicho likikwaruzwa na mmea, vijidudu vya kwenye mmea vinaweza kuingia kwenye kidonda. Mwili unatuma askari wake kupigana navyo. Hivyo vita ndivyo vinavyoleta wekundu, uvimbe na maumivu. Dawa hii ina steroidi. Inawatuliza wale askari. Wekundu unapungua, maumivu yanapungua, na mtu anadhani amepona. Lakini vijidudu vinabaki ndani, na hakuna wa kuvizuia."

"Lakini mimi iliniponya."

"Wewe ulikuwa na mwasho wa vumbi. Yeye ana kidonda. Macho mekundu yanafanana, lakini magonjwa yake ni mengi. Ndiyo sababu lazima tupime kwanza."

Daktari Waithera, bingwa wa macho, alimtia Muema dawa ya ganzi. Kisha alikwangua lile doa kwa ncha ndogo ya chuma, taratibu sana. Alipaka alichokipata kwenye kipande cha kioo, akakipeleka maabara. Baada ya muda alirudi, akamwita Kanyiva.

"Njoo uone."

Kanyiva aliinama kwenye hadubini, kile chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Aliona nyuzi nyembamba zimetambaa kila upande kama mizizi.

"Ni kuvu," daktari alisema. "Ni jamaa ya ile inayoota kwenye mkate uliolala. Imeingia ndani sana."

Kanyiva aliinua kichwa. Akashika meza. Siku kumi alikuwa akiilisha ile mizizi kwa mkono wake mwenyewe.

Sister Peres alileta fomu. Alieleza kwamba kliniki inafanya utafiti kuhusu vidonda vya macho. Walitaka kuhifadhi sehemu ya kile kilichokwanguliwa, wajue ni kuvu ya aina gani na ni dawa gani inayoiua.

Muema alikunja uso. "Mnataka kunifanyia majaribio?"

"La. Matibabu yako hayabadiliki. Sampuli itapewa namba, jina lako halitaonekana."

"Na nikikataa?"

"Utatibiwa vilevile. Hakuna atakayekukasirikia."

Muema alifikiri. "Kwani hamjui dawa inayoiua?"

"Tunazo dawa. Wengine zinawasaidia, wengine haziwasaidii. Ndicho tunachotafuta kujua."

Muema alinyoosha mkono kuchukua kalamu. "Niweke sahihi wapi?"

Alilazwa siku hiyo hiyo. Aliwekewa dawa ya kuua kuvu kila saa, mchana na usiku. Kanyiva alipita kumwona kila alipotoka kazini. Doa halikupungua. Siku ya kumi na mbili ya kulazwa, akinywa chai ya asubuhi, Muema alihisi maji ya moto yakishuka shavuni. Alidhani ni machozi. Kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kilikuwa kimetoboka.

Daktari Waithera aliwaeleza bila kuficha. Jicho halingeona tena, na likiachwa, ugonjwa ungezidi kusambaa. Ilibidi litolewe. Wakalitoa Ijumaa.

Jumapili Kanyiva alikaa kando ya kitanda. Muema alikuwa amegeukia ukuta, bendeji kubwa usoni.

"Baba Carol, ni mimi niliyekupofusha."

Muema alivuta blanketi mpaka begani.

"Najua," alisema. "Sister alipouliza, nilikuwa nimekaa pale."

"Na hukusema neno."

"Ningesema nini? Nilikuwa naangalia juu mwenyewe, nikingoja uniwekee."

Hakugeuka. Kanyiva alitoka nje, akalia kwenye ngazi mpaka walinzi wakamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Kwa jicho moja Muema alishindwa kupima umbali. Alikata kayaba ikapinda, akajikata kidole. Wateja walimhurumia, kisha wakatafuta mtu mwingine. Mzee Dedan pekee ndiye aliyeendelea kumwita, kwa kazi ya kumwagilia maua. Muema aliacha kwenda kanisani. Hakutaka kutazamwa.

Kanyiva alienda peke yake. Jumapili moja, akina mama walipobaki baada ya ibada, aliomba kusema. Alisimama, akaonyesha ile chupa tupu, na akasimulia yote. Alisema wazi mkono ulioweka dawa ulikuwa wake. Baadhi ya wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja alinong'ona, na Kanyiva akasikia: "Mume wake mwenyewe!"

Alikuwa akitoka alipoguswa bega. Aliyemgusa alikuwa Wamucii, mama aliyelima mahindi Dagoretti. Alivua miwani ya jua. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu.

"Jani la mahindi lilinikata juzi," alisema. Alifungua mkono. Kiganjani kulikuwa na chupa ndogo kama ile ya Kanyiva. "Hii niliuziwa jana."

"Umeweka mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Usiweke tena. Twende kliniki."

"Leo ni Jumapili, Mama Carol. Si tungoje kesho?"

"Mimi nilingoja siku kumi," Kanyiva alisema. "Twende sasa."

Siku hiyo Sister Peres hakuwa kwenye zamu, lakini daktari wa dharura alikuwepo. Alikwangua kidonda papo hapo. Jumatatu Daktari Waithera alitazama kipande cha kioo, kisha akakilinganisha na picha alizohifadhi za wagonjwa wake wa awali.

"Ni kuvu, na inafanana na ile ya Muema," alimwambia Wamucii. "Tofauti ni kwamba wewe umekuja ikiwa bado juu."

Wamucii aliwekewa dawa ya kuvu kila saa, kisha kila saa mbili, wiki baada ya wiki. Alichoka, akalalamika, lakini hakuacha. Kidonda kilifunga. Kilibaki na kovu dogo pembeni.

Siku aliyoruhusiwa kuacha dawa, alikuja Kawangware na mahindi mabichi kwenye kikapu. Muema alimkaribisha. Alimtazama muda mrefu usoni, kisha akamwambia:

"Funika jicho lililo zima. Sasa, hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Na hivi?"

"Viwili. Na kimoja kina kovu."

Muema alikitazama kidole alichojikata kwenye kayaba, akacheka. Kanyiva, aliyekuwa akichochea jiko, aligeuka. Miezi mingi ilikuwa imepita bila yeye kukisikia kicheko kile.

Wamucii alipoondoka, Muema alivuta kiti karibu na jiko. Kisha akasema, "Mama Carol, wale akina mama bado wanakutana Jumapili?"

"Ndiyo."

"Waeleze tena. Mimi nitakuja nikae mbele, wanione vizuri."