Udongo wa Boma la Kale

Demetria alikuwa anakandika ukuta wa nyumba, udongo umemfika viwikoni, jirani yake Jovina alipoingia uani mbio, bila hata hodi.

"Mama Yuliana, mwanao yuko bomani. Namwita, haitiki!"

"Boma lipi?"

"La kale! Lipi tena?"

Donge la udongo likamponyoka Demetria mkononi. Lilitoka hukohuko. Boma lile la Segerea lilikuwa tuta la mviringo, limezunguka makao ya watu ambao hakuna aliyejua hata jina la kabila lao. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imesimika kibao: marufuku kuchimba. Mumewe Albano alichimba. Udongo wa tutani unanata, alisema, na kibao hakina macho.

Walimkuta Yuliana kwenye pengo alilochimba baba yake, mikono ameitandaza kama mtu anayeziba mlango. Palinuka moshi na moto haukuwapo. Chini ya ardhi, mchi ulikuwa unatwanga.

"Twende nyumbani, mwanangu," Demetria alinong'ona.

"Mmetubomolea ukuta," mtoto akajibu kwa sauti ya mwanamume mzee. "Sasa huyu ndiye ukuta."

Walimvuta wote wawili. Hakung'oka.

Albano alipopata habari akamleta mganga Marijani, naye hakutaka hata kukaribia tuta.

"Rudisheni udongo wote kabla jua halijazama. Hata ulio kwenye kucha."

"Nyumba itabaki fito tupu, mzee," Albano alisema.

"Basi chimba kaburi la mwanao. Si kuchimba unajua?"

Jovina akabaki na mtoto. Demetria akabandua ukuta kwa jembe, akajaza makapu, akabeba na mumewe, akamwaga, akarudi tena, na kila alipomwaga mchi ule ulisikika karibu zaidi na nyayo zake, mpaka jua likiwa linazama na pengo limejaa ndipo mikono ya Yuliana ilipolegea, na mtoto akalia kwa sauti yake mwenyewe, akiomba maji.

Giza lilipoingia Demetria akapakua ugali na dagaa, upepo ukipita kwenye fito. Akawahesabu kimoyomoyo: Albano, Benedikto mwanawe mkubwa, Yuliana, na yeye. Wote wapo.

Nje ya fito, sauti ile ya mzee wa bomani nayo ikaanza kuhesabu, taratibu.

"Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne."

Hakuna aliyetafuna.

"Watano."

"Watano wapi?" Albano alinong'ona. "Si tuko wanne?"

Demetria akafunika tumbo kwa mikono miwili. Mimba ilikuwa bado changa. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.