Kundi la Muda

Aliye ndani hutoka kabla ya mzigo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kundi la Severin, na hapakuwa na mmoja wao asiyeijua. Mtu aliyeachwa ndani ana mdomo, na mdomo hutaja majina. Anayemwacha mwenzake ndani huvunjwa mkono wa kulia. Mvunjaji alikuwa Hatibu. Alikwisha kuifanya kazi hiyo mara mbili kwa amri ya Severin, bila hasira, kama mtu avunjaye kuni za jioni.

Asiwastahi mtu kwa sababu walikuwa na sheria. Hata fisi hungojeana kwenye mzoga.

Alhamisi, saa kumi jioni. Chumba cha nyuma cha banda la vyuma chakavu, Mafiga, Morogoro. Severin, mwenye banda, alikalia kiti pekee chenye mgongo. Hatibu, dereva wa kanta yake, lile lori dogo, alisimama mlangoni. Mwaisha, mtunza stoo wa kiwanda cha magunia, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba mapajani, kana kwamba anangoja kuitwa zahanati. Wa nne alikuwa Godfrey.

Godfrey alifanya kazi katika kiwanda hicho hicho. Alisimamia mfumo wa matengenezo, ile programu ya kompyuta inayotunza habari za kila mtambo, kila fundi na kila kipuri. Yeye ndiye aliyeamua nani aone nini, na kadi ya nani ifungue mlango upi. Chuoni alitoka na cheti, viatu vyenye ncha, na dharau kwa kila mtu ashikaye spana.

"Sema tena, polepole," Severin alimwambia. "Hawa hawakusoma."

"Ni hivi, kaka. Stoo ya vipuri haina ufunguo, ina kadi. Kuingia kadi, kutoka kadi. Fundi anaomba kipuri, injinia anaidhinisha, mtunza stoo anafungua. Hakuna mwenye ruhusa mbili."

"Hata wewe?"

"Mimi nagawa ruhusa tu. Stoo siingii. Ndivyo walivyopanga wale wazee waoga." Akacheka. "Sasa natengeneza kundi jipya kwenye mfumo. Nitaliita Kundi la Muda. Nalipatia kila ruhusa: kuomba, kuidhinisha, kufungua, hata kusimamia mfumo wenyewe. Halafu naingia humo, na dada Mwaisha naye. Jumapili tunachukua lile kasha la vidhibiti vya mota. Lina thamani kuliko banda hili na vyote vilivyomo."

"Na mimi nipewe kadi," alisema Severin. "Hatibu pia. Siingii dili ambalo mlango anao mtu mmoja."

Godfrey aliandika majina kwenye simu. "Sawa, bosi. Wote wanne."

Mwaisha aliinua uso. "Godfrey, si umpe kila mtu kipande chake tu? Mimi unaniondoa kwenye kundi la watunza stoo, wewe unajiondoa kwenye kundi la wasimamizi. Baadaye tunarudije?"

"Mfumo humpa mtu kundi moja tu, dada. Na ruhusa yako wewe hulala Jumamosi mchana hadi Jumatatu. Kapange nati zako, usinifundishe kazi."

Mwaisha akaukumbatia mkoba wake. Alikuwa na akili ya kutosha kuuliza swali jema, wala hakuwa na adabu ya kutosha kuondoka katika chumba kile.

Jumapili, saa tano na nusu asubuhi. Mitambo ilikuwa imesimama kwa matengenezo ya mwaka. Mafundi walikuwa wametoka kwenda ibadani na kula, wakiagizwa kurudi saa nane. Kanta ya Hatibu ilisimama getini. Katika simu ya mlinzi ilionekana hati ya kutoa vipuri, imeombwa na Godfrey na kuidhinishwa na Godfrey. Mlinzi hakusoma majina. Alitazama rangi ya kijani, akafungua geti, akarudi kwenye redio yake.

Saa sita kasoro. Godfrey aliingia stoo peke yake. Mlango wa chuma ulijifunga nyuma yake, kama ulivyotengenezwa kufanya, maana mwenye kiwanda aliogopa wezi kuliko alivyoogopa moto. Wenzake walibaki nje, mbele ya dirisha la kutolea vipuri, lenye nondo na upenyo unaotosha boksi. Mtu haupiti.

Maboksi ya beringi yakaanza kupita. Hatibu aliyapokea na kuyapanga kwenye kanta.

"Kasha?" aliuliza Severin.

"Liko huko nyuma, juu. Nipe dakika."

Alikwenda nyuma, ndiyo. Akalishusha kasha, akaenda nalo hadi mlango wa pili, unaotazama ukuta wa uani. Ng'ambo ya ukuta binamu yake alimngoja na pikipiki. Godfrey hakukusudia kugawana na muuza vyuma chakavu, wala na mpanga nati. Jambo moja tu lilimtisha: Severin naye alikuwa na kadi, na angeweza kupita stoo na kumfuata. Kadi zile zilipaswa kufa kwanza.

Akatoa simu, akafungua mfumo. Angeweza kuwaondoa wale watatu, jina baada ya jina. Akaona ni kazi ndefu. Akachagua kulifuta kundi zima kwa mguso mmoja. Mfumo, ambao siku ile ulikuwa na busara kuliko bwana wake, ulimwuliza: *Watumiaji wanne watapoteza ruhusa zote. Ungependa kuendelea?*

Wanne. Cheti chote kile, na mtu hakuweza kuhesabu hadi nne.

Akabonyeza Ndiyo.

Akaiweka kadi yake mlangoni. Taa nyekundu. Akaifuta kwenye suruali, akaiweka tena. Nyekundu. Alipoitazama simu, iliandika: *Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu.*

Kule nje, pikipiki ilipiga honi mara mbili.

Severin aliisikia. Alitazama upande wa ukuta, kisha akaiweka kadi yake kwenye mlango wa mbele. Nyekundu.

"Mwaisha. Jaribu yako."

"Nyekundu."

"Hatibu?"

"Nyekundu, kaka. Kimeo gani hiki?"

Godfrey alitokea dirishani, kasha kifuani, jasho likimtiririka. "Mtandao unasumbua, bosi. Utatulia tu."

Mwaisha aliinamia skrini ya kaunta. Akacheka mara moja, kicheko kikavu. "Mtandao gani, fala wewe? Umelifuta kundi. Umelifuta na wewe mwenyewe umo."

"Pikipiki ya nani hiyo?" Severin aliuliza kwa sauti ya chini.

"Pikipiki ipi, kaka? Naapa kwa..."

"Usiape. Lipitishe kasha."

"Nitoeni kwanza! Sheria, kaka Severin! Aliye ndani kwanza!"

"Lipitishe. Hatibu anakwenda kuleta mtaimbo, tuung'oe mlango."

Hatibu alikwenda kweli. Godfrey, ambaye dakika chache kabla alitaka kuwaacha wote mikono mitupu, sasa alimwamini jambazi kwa neno lake. Akalipitisha kasha. Severin alilipokea kwa mikono miwili, akageuka.

"Tusepe."

Hatibu alikuwa amerudi na mtaimbo begani. "Bado yumo ndani, kaka."

"Namwona."

"Sheria ni yako mwenyewe."

"Ametufuta, Hatibu. Hatuna ruhusa ya kumfungulia." Severin alitabasamu, akijiona mjanja sana. "Washa gari."

Nyuma ya nondo Godfrey alikuwa akilia, akimwita kaka, akimwita baba. Hatibu alisimama kidogo. Alijua lililo sawa. Kisha akauweka mtaimbo chini, akawasha gari. Mwaisha alikwisha kupanda.

Saa nane kamili mafundi walirudi wakamkuta msomi wao ameketi sakafuni kati ya mikanda ya mashine. Polisi walipofika hawakupata hata nafasi ya kumtisha. Alitaja majina yote matatu. Alitaja banda la Mafiga, namba za kanta, na kibanda cha Matombo walikopanga kulificha kasha. Akataja hata hoteli ya Mkuyuni ambayo Severin hakuwahi kuipita bila kula.

Saa kumi kasoro robo. Severin alikuwa amekalia benchi la hoteli hiyo, mkono wa kulia umezama katika ugali na kuku wa kienyeji, kasha chini ya miguu yake. Askari wawili waliotoka kituo cha karibu walisimama juu yake; Hatibu na Mwaisha walikuwa wameshakamatwa ndani ya kanta.

"Nawa mkono, mzee," alisema mmoja. "Tunakwenda."

Jumatatu, mchana. Mahabusu, Morogoro mjini. Mwaisha alikuwa chumba cha wanawake, upande wa pili wa ukuta. Wanaume watatu walikuwa pamoja. Godfrey alijikunyata pembeni, mikono yote miwili ameifutika kwapani. Hatibu alimtazama.

"Usiifiche," alimwambia. "Hakuna anayeitaka. Sheria ile ni ya wenzetu. Wewe ulijifuta."

Kisha akageuka. "Kaka Severin."

Severin aliinua uso.

"Uliyemwacha yule ni wewe. Ningekuwa mimi, ungesemaje?"

"Gari uliwasha wewe."

"Niliwasha. Mkono wako ukipona, utanivunja na mimi. Sitakimbia."

Severin alimtazama Godfrey, akautazama mlango. Hapakuwa na wa kumwamrisha tena. Akakunja mkono wa shati taratibu hadi kiwikoni, akaulaza mkono kwenye ukingo wa benchi la saruji.

Ng'ambo ya ukuta Mwaisha alisikia mlio mmoja. Sauti ya mtu haikufuata.

Jioni waliletewa ugali na maharage. Severin alikula kwa mkono wa kushoto.