Mkono wa Darajani

Meja alikuwa mbwa wa Kizungu, lakini tumbo lake lilikuwa la kila taifa. Aliwahi kula kiatu cha karani wa posta, ngozi, kamba na kisigino, na karani akaenda kazini wiki nzima akirukaruka kwa mguu mmoja. Wapo walioapa kwamba alimeza na saa ya fundi cherehani, na ukitega sikio ubavuni mwake utaisikia inatembea. Kwa hiyo asubuhi ile ya manyunyu, mwaka wa hamsini na moja, alipoichomoa kamba mkononi mwa Jabiri, mtunzaji wake, na kuikata barabara ya sokoni kama mshale, hakuna aliyeshangaa. Watu walikumbatia vikapu vyao tu.

Alisimama kwenye baraza ya duka la Mehboob, mbele ya sinia la vitumbua, akachukua kimoja cha juu. Kisha akafanya jambo ambalo Jabiri hakuwahi kumwona akilifanya. Aliketi, akamtazama mwenye sinia, akatikisa mkia polepole, kama anayeamkia mtu wa siku nyingi.

Jabiri alifika akihema, kaptura ya kaki imelowa, koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Bama, huko Asia, limeachia vifungo.

"Nisamehe, dada yangu. Huyu mbwa..."

"Huyu mbwa kanitia mdomo kwenye riziki, na wewe unaniita dada?" Mwanamke alivaa sweta la bluu juu ya gauni la maua, khanga kichwani, na kipini cha fedha puani kikimeta kwa moto wa mkaa. "Nani atakula kilichoguswa na mbwa? Utakula wewe?"

"Nalichukua sinia lote."

"Ule na nani?"

"Na njaa yangu."

Mwanamke alitaka kucheka, akajibana. Hapo akaliona sikio la kushoto la Meja, lile lililochanika, na uso wake ukabadilika.

"Si mbwa wa Mama Miwani huyu?"

"Ndiye. Unamjua Memsahibu wangu?"

"Nani asiyemjua," alisema, akaugeukia moto wake.

Jina la mwanamke huyo Jabiri alilipata kwa Mehboob mwenye duka. "Mwanahalima huyo. Mjane, anaishi na shangazi yake. Jihadhari, bwana. Pilipili ninayouza humu ndani naitoa kwenye ulimi wake."

Jioni Mama Miwani alimwita Jabiri kwenye ukumbi. Mzungu huyo naye alikuwa mjane, amehamia mjini kutoka shamba lake la Momela, na duniani hakuwa na mtu ila Meja. Kichaa cha mbwa kimeingia, alisema. Baada ya wiki mbili wakubwa wa mji watatupa nyama ya sumu mabarabarani. Mbwa mwokotaji hatapona. Kumfungia ndani haiwezekani, walishajaribu, akala mlango.

"Mfundishe asiokote," alisema. "Akifa, mimi sina kazi ya kukupa."

Siku nyingine Jabiri angepandisha mabega tu. Siku hiyo yalimwingia. Mtu asiye na kazi hapeleki posa, na tangu asubuhi kichwani mwake hakukuwa na jambo jingine.

Kazi yenyewe aliijua. Kule Bama alifundisha nyumbu wa jeshi kupita kando ya magunia ya shayiri bila kuyanusa, na nyumbu mmoja, kwa maelezo yake, alikuwa akiomba ruhusa kwa kupiga saluti. Unaweka chakula chini. Mbwa akikirukia unasema "Wacha!" na kuishika kamba bila kuivuta. Unangoja. Akichoka kukitazama chakula akakutazama wewe machoni, unasema "Haya!" na kumpa kipande cha ini kwa mkono wako. Ajue kwamba cha chini hakiliki, na cha mkononi ndicho kitamu.

Mfupa Meja aliuacha baada ya siku mbili. Mkate, siku tatu. Lakini harufu ya vitumbua vya Mwanahalima ilimtoa akili, na mbwa asiyeweza kuacha kitu kimoja ataokota vyote. Jabiri akapata sababu mbili za kupiga simu.

Alingoja Mama Miwani asinzie mchana, akaunyanyua mkonga wa simu. Kule dukani Mehboob aliupitisha wa kwake dirishani, waya ukanyooka mpaka barazani.

"Nani?" Mwanahalima alipiga ukelele kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya mlima.

"Mimi, Jabiri. Polepole bibie, simu ina masikio."

"Ah, Bwana Mbwa! Unataka nini?"

"Vitumbua kumi, kila siku."

"Kumi! Una minyoo?"

"Nina moyo."

"Moyo hauli vitumbua."

"Wangu unakula. Tena unaomba vya kuongeza."

Kisha sauti ikashuka, ikawa laini. "Vyako nitavizidishia hiliki. Lakini ule mwenyewe, umesikia? Nakupikia wewe."

"Nimesikia, laazizi."

"Laazizi mwite mbwa wako!" Mkonga ukarudi dirishani, na Mehboob akacheka kwa niaba yao wote.

Jabiri alikula vitatu kila siku. Saba vilikwenda kazini.

Siku ya kumi Meja alikuwa mbwa mwingine. Mji mzima ulilijua neno. Jabiri akisema "Wacha!", hata mzee aliyeinamia kipisi cha sigara alikiachia. Palibaki mahali pamoja, mtaa wa Daraja Mbili, kwenye lile daraja la pili ambapo mto Themi unapita chini ya mawe meusi. Kila jioni saa kumi na moja Meja alisimama pale, kamba ikawa kama imefungwa kwenye nguzo. Aliinua kichwa, si kunusa chini, bali juu, usawa wa mkono wa mtu aliyesimama. Akafungua mdomo taratibu, kwa adabu. Akapokea. Akatafuna, akameza.

Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mtu. Jabiri alisema "Wacha!" mpaka koo likakauka, na neno halikumfikia mbwa. Pale angepokea chochote. Jioni moja Jabiri alipitisha mkono wake kwenye ile hewa tupu mbele ya mdomo wa Meja. Ilikuwa baridi kama maji yaliyotoka mlimani sasa hivi, na ilinukia hiliki.

Hakumwambia mtu. Alijua tu kwamba aliyekuwa na kazi hii kabla yake alifariki, na maiti hawasemwi ovyo.

Ijumaa akawa anamfanyisha Meja zoezi kwenye njia ya mijakaranda. Vitumbua saba chini, vimepangwa kama meno. Meja alivipita kimoja kimoja, pua juu, kama diwani anayekagua barabara. Jabiri akaruka kwa furaha.

"Safi, Meja! Hata huvitaki!"

"Hata mbwa havitaki!" sauti kavu ilidakia nyuma yake. Alikuwa Bi Batuli, yule shangazi wa Mwanahalima, mwavuli begani, anatoka kumwangalia mgonjwa. Pembeni yake alisimama Mwanahalima mwenyewe.

"Vile si vyangu, Jabiri?"

"Ni vyako, lakini sikiliza..."

"Naamka alfajiri. Natwanga hiliki kwa mkono huu. Uje uvitandike njiani vikanyagwe na mbwa?"

"Nilikuwa namfundisha, Mwanahalima."

"Na mimi umenifundisha." Alijifunika khanga vizuri, akaondoka haraka kuliko Bi Batuli alivyoweza kumfuata.

Siku tatu Jabiri alipiga simu. Siku tatu Mehboob alijibu, "Anasema hayupo. Amekaa hapa mbele yangu, ananiangalia, anasema nikwambie hayupo."

Siku ya nne, zikiwa zimebaki saa chache nyama ya sumu itupwe, Jabiri alikwenda barazani mwenyewe, bila mbwa.

"Leo hatuuzi," alisema Mwanahalima bila kuinua uso.

"Sikuja kununua. Nimekuja kukuaga. Kesho mbwa atakufa, na mimi kazi sina, na posa niliyotaka kukuletea sina uso wa kuileta."

Upawa ulisimama hewani. "Si kaelimika tayari? Havitaki hata vyangu."

"Kaelimika kote, isipokuwa darajani. Pale kuna anayemlisha." Jabiri alishusha sauti. "Usinicheke. Simwoni. Meja anapokea kwa mkono nisiouona, na hewa inanukia hiliki."

Mwanahalima hakucheka. Upawa ulimponyoka, unga ukamwagika kwenye makaa, moshi ukawatenganisha.

"Mikidadi," alisema.

"Nani?"

"Mume wangu. Alikuwa na kazi hiyo uliyo nayo. Kila siku nilimfungia vitumbua. Cha mwisho alikiweka mpaka jioni, anakikata nusu, nusu yake anampa Meja kwa mkono, pale pale. Nikagomba. Nikamwambia mkono uliolambwa na mbwa usiingie nyumbani mwangu. Basi akawa anashuka mtoni kunawa mara saba kama sheria, sita kwa maji na moja kwa udongo. Siku moja mvua ilinyesha mlimani, huku chini jua. Mto ukaja na mawe yake. Tulimwokota Kikwe, mbali huko chini." Alijipangusa uso kwa upindo wa khanga. "Mimi ndiye niliyemtuma mtoni, Jabiri. Miaka miwili nazunguka njia ndefu nisipite darajani."

Jabiri aliuokota upawa, akamrudishia. "Mbwa nimemaliza kumfundisha," alisema. "Aliyebaki ni anayelisha. Na mimi hanisikii."

Saa kumi na moja walikuwa darajani watatu. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Meru mpaka kiunoni. Mwanahalima alivaa gauni jeupe, sweta lile lile, na mkononi kifurushi kidogo. Meja aliganda mahali pake. Hapo Jabiri akaona kwamba watu wa sumu wamewahi. Pande la nyama, limepakwa unga mweupe, lilikuwa chini ya ukingo, shibiri moja kutoka miguu ya mbwa.

Meja aliinua kichwa. Akafungua mdomo.

"Mikidadi," alisema Mwanahalima. "Mwenzangu. Wacha. Usimpe tena. Ameshiba. Maneno yale ya mkono nilisema kwa ulimi tu, hayakuwa moyoni. Ulikuwa mkono mzuri. Wacha sasa, baba."

Maji yalipita chini. Meja alibaki mdomo wazi, anangoja. Hakikuja kitu. Akaushusha mdomo, akainusa nyama. Jabiri aliishika kamba bila kuivuta. Mbwa akainua macho, akamtazama Jabiri moja kwa moja.

"Haya," Jabiri alinong'ona. Alipapasa ini mfukoni, akalikosa. Mwanahalima akafungua kifurushi, akakata kitumbua nusu, akamtilia Jabiri kiganjani. Meja alikipokea, akaulamba mkono wote mpaka kiwiko.

Ndipo waliposikia. Chini kwenye mawe mtu alichota maji kwa viganja, akayaachia. Mara moja. Mara mbili. Mwanahalima alimshika Jabiri mkono, akihesabu kwa midomo. Mara sita. Kisha udongo ukasuguliwa, polepole, kwa makini, kama mtu asiyetaka kugombezwa tena. Kisha mto peke yake.

Jabiri aliutazama mkono wake unaong'aa mate, na kwa mazoea akageuka kukishika kijia cha kushukia mtoni.

Mwanahalima alimkamata koti. "Huko hushuki."

"Nina najisi, bibie."

"Utanawa nyumbani."

"Kwa Memsahibu ni mbali."

"Nani kataja kwa Memsahibu?" Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini kile kipini kilikuwa kimeanza kumeta. "Maji yapo. Na udongo upo. Na shangazi yupo, umwambie mwenyewe ulichotaka kuleta."

"Na mbwa?"

"Mbwa atakaa barazani. Mlango wangu asiule."

Jabiri aliipiga teke ile nyama, ikatumbukia mtoni. Wakaondoka, yeye ameunyoosha mkono wake mchafu mbali na mwili kama mtu aliyebeba yai. Meja hakugeuka nyuma hata kidogo. Mwanahalima aligeuka mara moja, akaiacha nusu ya pili ya kitumbua juu ya ukingo wa daraja.