Diski Iliyobaki Ndani

Bibi mgonjwa alikutwa amekufa macho wazi, na mto wake umewekwa vizuri mno kwa mtu asiyeweza hata kujigeuza. Daktari wa maiti alitoa nyuzi za pamba puani mwake, akamwonyesha Inspekta kwenye ncha ya koleo. Ugonjwa haukumuua. Alizibwa pumzi.

Kando ya kitanda, kompyuta kuukuu ilikuwa imefunguliwa ubavu. Diski mpya, nyembamba na nyepesi, ilikuwa sakafuni imepondwapondwa. Karibu nayo palikuwa na bisibisi ya fundi aliyekuja jana yake kuifunga.

Fundi akakamatwa. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye kasha la kompyuta, na kwa askari hiyo ilitosha. Walimpiga mahabusu hadi jicho likaziba. Inspekta hakuwazuia. Aliamini asiye na hatia huvumilia, na ukatili huo aliuita uzoefu.

Lakini jambo moja lilimkera. Fundi aivunje kazi yake mwenyewe kwa nini?

Akamhoji kitinda mimba wa marehemu, binti aliyemuuguza mama peke yake. Alijibu bila kutetemeka. Kaka yake anayeishi mbali aliweka kamera juu ya kitanda ili amtazame mama kila apatapo nafasi. Kompyuta ilizeeka, picha zikawa zinakwama, ndipo kaka akaagiza ibadilishwe diski iende kasi.

"Picha za siku ile zilikuwa kwenye hiyo iliyopondwa?"

"Zote. Fundi alisema mwenyewe amehamisha kila kitu. Ile ya zamani haina kitu."

Inspekta akashuka mahabusu.

"Ulimwambia binti umehamisha kila kitu?"

"Ndiyo, afande. Sisi mafundi tukisema kuhamisha, tunanakili tu. Mpya niliipa kazi ya kuwasha mashine. Ya zamani nikaiacha humo humo, ipokee picha za kamera. Haina kasi, ila kwa kuhifadhi bado inafaa."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza, afande. Mlikuwa mnapiga."

Diski ya zamani ilikutwa mahali pake, nyuma ya bati, ina vumbi na uzima wake. Inspekta aliitazama kwanza peke yake. Kisha akamketisha binti mbele ya kioo cha kompyuta, akamwonyesha mikono yake mwenyewe ikiukandamiza mto.

Binti hakupoteza muda kukana.

"Picha zilipokuwa safi, kaka alipiga simu. Hakuuliza hali. Alisema shuka ina doa. Mimi ndiye niliyemfuta mama kinyesi, niliyekosa hata mume kwa ajili yake, na kila siku wimbo ni ule ule: kaka yako, kaka yako. Mama hakuwahi kunishukuru. Nilichoka, nikamnyamazisha. Halafu nikaikumbuka kamera, nikaogopa."

Karani aliandika, binti akatia sahihi. Kesi ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye huruma angezima mashine hapo. Inspekta akairudisha picha nyuma kidogo.

Bibi alikuwa peke yake. Jikoni vyombo viligongana. Binti alikuwa huko. Bibi aliinua macho kwenye kamera, akasema taratibu, na kwa mashine ile iliyoongezwa kasi hata neno moja halikukatika:

"Mwanangu, mwache mdogo wako. Doa ni langu, si lake. Sifa namnyima kwa kuogopa atajua thamani yake aondoke, nami nibaki na nani? Bila yeye ningekuwa nimeoza zamani."

Mlango ukafunguliwa pichani, binti akaingia, akauchomoa mto chini ya kichwa cha mama. Inspekta akasimamisha picha hapo.

Binti alikuwa amejikunja kitini, ngumi mdomoni. Baadaye akaomba kwa sauti ndogo arudishiwe kidogo tu, amsikie mama tena.

Inspekta akachomoa waya, akaitia diski kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga.

"Utamsikia mahakamani," akasema, kisha akatuma askari wakamfungulie fundi.